Mchiku wa Nyumbani: Uchague Aina Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila masika yakikaribia watu huniuliza habari za mchiku: wapande aina gani, mche waupate wapi, na kwa nini wa jirani unazaa wakati wao umesimama tu. Ninayo michiku mitatu nyuma ya nyumba, Tanga mjini. Wa kwanza niliuotesha kwa mbegu. Wa pili niliununua kwa jina ambalo halikuwa lake. Wa tatu niliubebesha mwenyewe, yaani niliunga kikonyo, kipande cha tawi la mti mzuri, kwenye mche wa mbegu. Majibu haya yametoka kwenye miti hiyo, na kwa wakulima wa India, Florida na Mexico ambao wamelishughulikia tunda hili kwa muda mrefu kuliko sisi.

Chiku ndilo sapota?

Ndilo hilo hilo. Wengine huliita sapodila. Kitaalamu mti unaitwa Manilkara zapota. Jina "chiku" tumelipata kwa Wahindi, na wao walilipata mbali: kule Mexico tunda linaitwa chicozapote, Wahispania wakalipeleka Ufilipino, na kutoka huko likaenea Asia.

Kwao asili ni misitu ya kusini mwa Mexico, Belize na Guatemala. Ukikata gome lake hutoka ulimbo mweupe, na ulimbo huo uliochemshwa ndio uliotengenezewa chingamu za viwandani Marekani katika karne ya 19. Bigijii zetu za utotoni zina babu yao kwenye mti huu. Mbao zake ni ngumu kupita kiasi. Kwenye mahekalu ya Wamaya huko Tikal, Guatemala, juu ya milango kuna mihimili ya mchiku iliyochongwa katika karne ya 8, na mingine ipo mpaka leo.

Tena si mgeni kabisa kwetu. Misitu ya pwani, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, ina ndugu yake wa porini anayeitwa Manilkara sansibarensis, jina lililotokana na Zanzibar.

Kwani machiku yana aina? Sokoni yote ni ya kahawia tu.

Ngozi ndiyo inayofanana. Ukiyapasua utaona tofauti. Moja nyama yake ni laini, inayeyuka mdomoni kama sukari guru iliyolowekwa. Jingine lina chengachenga, unatafuna kama mchanga mtamu. Moja lina mbegu mbili, jingine linakaribia kumi. Lipo la duara kama mpira, lipo la mviringo kama yai, na lipo lililochongoka.

Mimi kabla ya tunda hutazama mti. Ipo aina inayotaka kuwa mti mkubwa wa kivuli, na ipo inayoridhika na urefu wa mtu na nusu. Ipo inayozaa ikiwa peke yake, na ipo inayotaka mwenzake jirani. Tunda bovu utalivumilia, utampa mbuzi. Mti uliokua ukavunja bati la banda au kuziba mlango wa choo hutauvumilia, na kuung'oa ni kazi ya siku mbili na mashoka.

Niambie kwa kifupi: nipande aina gani?

Kama unapata mche halisi wa Kalipatti uliobebeshwa, chukua huo. Kama kiwanja ni kidogo sana au unapanda kwenye pipa, tafuta Makok au Silas Woods. Kama huvipati vyote hivyo, na wengi hamtavipata, tafuta mchiku mzuri mtaani kwenu, umwombe mwenyewe vikonyo. Hili la tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na nimelitolea maelezo marefu hapo chini.

Kalipatti ina nini hata itajwe na kila mtu?

Ni aina ya magharibi mwa India, Maharashtra na Gujarat. Jina lake maana yake ni "jani jeusi", kwa sababu majani yake ni ya kijani kilichokolea sana. Tunda ni la mviringo kama yai, ukubwa wa kati, nyama laini, mbegu chache, utamu mwingi. Upande wa Dahanu, katika kijiji cha Gholvad, michiku ilipandwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 2016 chiku la Dahanu Gholvad lilipewa hati ya utambulisho wa mahali linakotoka, ile inayozuia mtu wa kwingine kulitumia jina hilo. Mashamba ya huko kwa sehemu kubwa ni ya Kalipatti.

Sababu ya kuipendekeza kwa pwani yetu ni rahisi. Dahanu iko ufukweni, kuna joto na unyevu, mvua zinakuja kwa msimu kisha kiangazi kinafuata. Mti uliozoea hali ile hautashangaa Pangani wala Kilifi. Ila ukiuacha utakuwa mkubwa, hivyo unahitaji nafasi au panga la kupogolea.

Nimesikia kuna machiku makubwa kama mpira. Si afadhali hayo?

Unaulizia Cricket Ball, nayo ni ya India. Kweli ni kubwa na la duara, na ukiliona kwenye picha utalitamani. Lakini nyama yake ina chengachenga na utamu wake ni wa wastani ukilinganisha na Kalipatti. Kubwa zaidi ni hili: ikiwa peke yake mara nyingi hubeba kidogo, maua yanatoka mengi na kudondoka. Wahindi wenyewe huichanganya na aina nyingine shambani. Mtu mwenye nafasi ya mti mmoja nyumbani asianze nayo.

Watafiti wa Dharwad, Karnataka, waliichanganya na Kalipatti wakapata DHS-1 na DHS-2, ili tunda liwe kubwa na utamu ubaki. Kutoka Periyakulam, Tamil Nadu, kuna PKM-1. Ukikutana na mche halali wenye jina mojawapo kati ya hayo, usiupite.

Na hizi aina za Marekani na Mexico ninazoziona mitandaoni?

Nyingi ni nzuri. Kusini mwa Florida wamefanya kazi kubwa ya kuchagua aina, na mazingira yao yanafanana na yetu kuliko tunavyodhani: joto, upepo wa bahari, na udongo uliokaa juu ya mwamba wa chokaa.

Alano ilifika Florida kutoka Hawaii. Tunda lake ni la ukubwa wa kati na nyama yake ni laini, na wengi huiweka juu kwa ladha. Hasya, Molix na Morena zimetoka Mexico. Hasya ina umbo zuri na matunda makubwa kiasi. Oxkutzcab imepewa jina la mji wa Yucatán wenye sifa ya matunda, na tunda lake ni kubwa. Tikal ni aina nyingine iliyochaguliwa Florida. Makok ni ya Thailand, tunda dogo lililochongoka, tamu sana, na mti wake haukimbilii juu. Silas Woods nayo ni mti mdogo, na sifa yake ni kubeba karibu mwaka mzima.

Kwa msomaji wa Tanzania na Kenya orodha hii ni ya kujua nini cha kuulizia. Usimlipe mtu bei ya Makok kwa sababu tu ametaja neno Makok.

Nikipanda mbegu je? Mbegu ni bure.

Mbegu huota vizuri. Chagua iliyojaa na kung'aa, iweke kwenye kifuko cha mchanga na mboji, uweke unyevu, na kwa kawaida baada ya mwezi hivi utaona kichwa. Tatizo linaanzia hapo. Mti wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 8 kuzaa, pengine zaidi, na ukizaa haufanani na mama yake. Uliobebeshwa ukitunzwa huanza kuonyesha matunda baada ya miaka 2 hadi 4.

Wangu wa mbegu ulinichukua miaka tisa. Mbegu niliitoa kwenye chiku tamu kuliko yote niliyowahi kula, nikaamini mtoto atamfuata mzazi. Mwaka wa tisa ukatoa machiku ya ukubwa wa limau, mbegu nane ndani, na chengachenga tele. Mke wangu aliyapika jamu ndipo yakalika. Miaka tisa ya kumwagilia, kwa jamu ya chupa mbili.

Lakini miche ya mbegu usiitupe. Hiyo ndiyo inayokuwa shina la chini la kubebeshea.

Nitajuaje mche umebebeshwa kweli?

Hili liliniuma kidogo. Mchiku wangu wa pili niliununua kwenye kitalu cha kando ya barabara kuu, nikaambiwa ni Kalipatti ya kubebesha. Nilitazama majani, nikatazama urefu, nikalipa. Shina sikulitazama. Miaka ikaenda, na siku moja nilipopalilia chini nikainama nikaliona shina lilivyonyooka kutoka ardhini hadi juu, halina kovu hata moja. Ulikuwa mche wa mbegu tangu mwanzo.

Kwa hiyo inama. Ondoa majani yaliyofunika kifuko, pitisha kidole kwenye shina kutoka kwenye udongo kwenda juu. Mche uliobebeshwa utakuwa na kovu mahali fulani, mara nyingi kati ya upana wa kiganja na shubiri moja kutoka chini: uvimbe, kona ndogo, au mahali ambapo gome la chini na la juu hayafanani rangi. Wakati mwingine kipande cha nailoni ya kufungia bado kipo. Chini ya kovu hilo pasiwe na chipukizi hata moja.

Kisha muulize muuzaji kikonyo kilitoka mti gani. Anayejua atakutajia mti na ulipo, na asiyejua ataanza kukusifia urefu wa mche. Mche mrefu wa mita moja na nusu usio na kovu ni mti wa kivuli. Mche mfupi wa futi mbili wenye kovu safi na majani mapya ndio wako.

Kuna jambo moja kwa wanaopata miche iliyotoka India. Huko shina la chini mara nyingi ni khirni, Manilkara hexandra, ndugu mwingine wa mchiku mwenye vitunda vidogo vya manjano. Chipukizi likitoka chini ya kovu ukaliacha, litanyonya nguvu na mwishowe utakuwa na mti wa khirni. Likate mapema, lingali laini la kung'olewa kwa kidole.

Aina zenye majina sizipati huku kwetu. Nifanyeje?

Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Mji wowote wa zamani wa pwani una michiku. Tanga, Mombasa, Bagamoyo, Dar es Salaam, Unguja mjini: tazama kwenye nyua za nyumba za zamani, hasa zile walizokaa familia za Kihindi, na kwenye viwanja vya misikiti na shule. Baadhi ya miti hiyo ina miaka kuliko mwenye nyumba. Mingi haina jina. Jina silihitaji mimi, ninahitaji tunda, na mti ule umeshathibitisha kwamba udongo wetu na upepo wetu unaupenda. Jina la Florida halijathibitisha hilo.

Chagua mti-mama kama unavyochagua mchumba wa kijana wako, kwa kuuliza na kwa kurudi mara ya pili. Onja matunda yaliyoiva vizuri, zaidi ya matatu, kwa misimu miwili kama una subira. Hesabu mbegu. Muulize anayefagia chini yake, maana yeye ndiye anayejua: unazaa kila mwaka au unaruka? Matunda yanadondoka kabla ya kukomaa? Yana funza? Tazama pia kama kuna mchiku mwingine karibu. Kama umesimama peke yake mtaa mzima na bado umejaa, hiyo ni habari njema kuliko zote, kwa sababu na kwako utakuwa peke yake.

Ukishaupata, omba vikonyo. Watu wa pwani hawanyimi tawi mtu aliyekuja kwa adabu. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye mchiku uliopandwa na baba mkwe wake, aliniambia: "Mwanangu, chukua, mti ukiwa mmoja ukifa umekufa, ukiwa kwenu na kwetu haufi." Mchiku wangu wa tatu umetoka kwake, nao ndio ninaokula.

Kubebesha mchiku ni kugumu?

Ni kugumu kuliko mwembe, kwa sababu ya ulimbo. Ukikata tu, maziwa yanafunika kidonda na kikonyo hakishiki. Mara ya kwanza nilibebesha miche sita, ikashika mmoja. Mara ya pili ikashika minne kati ya sita, na tofauti ilikuwa mambo mawili.

La kwanza ni kuandaa kikonyo kikiwa bado mtini. Chagua tawi la mwisho lenye unene wa penseli, uondoe majani yake na kuacha vikonyo vya majani, kisha uliache wiki mbili tatu mpaka macho yake yavimbe. Wengine huchubua gome pete nyembamba chini ya tawi hilo mapema zaidi ili chakula kibaki ndani yake. La pili ni kuutoa ulimbo kwenye shina la chini. Kabla ya kukata mahali pa kuungia, chanja shina hilo mara kadhaa juu yake kwa ncha ya kisu. Maziwa yatachuruzika. Subiri dakika chache, futa kwa kitambaa kikavu, safisha kisu, ndipo ukate na kuunga haraka. Funga kwa nailoni kwa nguvu, funika kikonyo kwa kimfuko cha plastiki, weka kivulini. Usikifungue kila siku kuangalia. Mwezi ukipita na macho yakibaki ya kijani, kuna matumaini.

Shina la chini liwe na unene wa penseli, na kwa kuwa mchiku hukua taratibu, mche wa mbegu huchukua mwaka mmoja hadi miwili kufika hapo. Ndiyo maana nilisema usitupe miche ya mbegu.

Njia nyingine ni kufunga tawi udongo: unachubua gome pete ya upana wa vidole viwili, unafunika kwa udongo wenye makumbi ya nazi yaliyolowa, unafunga kwa plastiki. Kwenye mchiku mizizi huchelewa, hesabu miezi minne hadi sita, na mingine haitoki kabisa.

Naweza kumwomba ndugu yangu aniletee vikonyo kutoka India au Omani kwenye begi?

Usifanye hivyo. Mimea hai haiingii nchini bila kibali kilichoombwa kabla, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni KEPHIS. Mwaka 2003 nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Kila mwenye mwembe leo analipa gharama ya mdudu huyo. Kikonyo kimoja cha zawadi kinaweza kubeba mgeni mwingine wa namna hiyo.

Mti mmoja unatosha?

Kwa Kalipatti na miti mingi ya mtaani, ndiyo, familia itakula na kugawa. Ua la mchiku lina dume na jike ndani yake, ila baadhi ya aina hazijipatani zenyewe na hutaka chavua ya aina nyingine, iletwe na nyuki na vidudu vidogo. Kama mchiku wako una miaka mingi, unatoa maua na kuyaangusha yote, suluhisho la bei nafuu ni kubebesha tawi moja la aina nyingine juu ya mti huo huo.

Kwetu ni maweni, udongo ni kidogo na maji ya kisima yana chumvi. Utaota?

Utaota, na hapo ndipo unapowashinda wenzake. Yucatán, kwao asili, ni nchi ya mwamba wa chokaa. Sisi Tanga tumekalia mwamba wa namna hiyo hiyo, mapango ya Amboni ni ushahidi, na kusini mwa Unguja na ukanda wa Mombasa ni matumbawe matupu. Pale ambapo mparachichi hugeuka manjano na kufa, mchiku husimama. Huvumilia upepo wa bahari, chumvi ya wastani na kiangazi. Usichokitaka ni maji yaliyotuama kwenye mizizi.

Kwenye jiwe, toboa shimo kwa mtaimbo hadi futi mbili, jaza udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na uendelee kuweka matandazo ya majani kila mwaka.

Bara kwenye joto, kama Morogoro au Korogwe, hakuna shida. Sehemu za baridi kama Lushoto na Nairobi mti unaweza kuishi, lakini ukuaji wake, ambao ni wa taratibu hata pwani, utazidi kuchelewa. Huko ningepanda kitu kingine.

Niupe nafasi kiasi gani? Na kwenye pipa je?

Mchiku ukiachwa uani hufika mita 9 hadi 15. Uupe mita 8 kutoka kwenye ukuta na miti mingine, au mita 5 kama utapogoa kila mwaka baada ya kuvuna. Kwenye pipa, chukua aina fupi, pipa la nusu lililotobolewa chini, na ukubali matunda machache. Juani kutwa nzima. Ukiuweka kivulini utapata majani mazuri tu.

Matunzo ya miaka ya kwanza ni yapi?

Maji mara mbili kwa wiki hadi mizizi ishike, kisha mara moja, na baada ya miaka mitatu utajitegemea isipokuwa kiangazi kikali. Samadi debe moja mwanzoni mwa masika na jingine vuli. Matunda ya mwaka wa kwanza yapunguze, mti mchanga usibebe mzigo. Ukiona masizi meusi kwenye majani, geuza jani uangalie nyuma, utakuta vidung'ata au wadudu gamba. Maji ya sabuni mara mbili tatu huwatosha.

Nitajuaje chiku limekomaa, maana rangi haibadiliki?

Watu wengi wanaosema hawapendi chiku walikula lisilokomaa. Huo ulimbo na ukakasi unagandisha midomo, na mtu hasahau.

Chukua tunda lingali mtini, lipanguse kwa dole gumba. Chiku changa limefunikwa unga wa kahawia unaokwaruza. Lililokomaa unga huo unatoka kirahisi na ngozi inabaki laini. Kisha kwaruza kidogo kwa ukucha, eneo la ukubwa wa punje ya mchele. Ukiona kijani, liache. Ukiona rangi ya manjano au kahawia ya tende, na maziwa hayatoki au yanatoka kidogo sana, likate na kikonyo chake.

Litakuwa gumu bado. Liweke ndani, kwenye kapu, siku 5 hadi 10, mpaka likibonyezwa libonyee kama sikio. Usiliweke kwenye friji likiwa gumu, litaharibika bila kuiva. Likishaiva ndipo liingie friji, na hapo likiwa baridi ndipo tamu zaidi.

Usivune mti mzima siku moja. Tangu ua hadi tunda ni miezi mingi, na kwenye tawi moja utakuta maua, vitunda na machiku makubwa kwa pamoja. Utamu wa kuwa na mti nyumbani ndio huo, unachuma mawili matatu kila siku chache.

Popo wanamaliza yote usiku.

Popo wana pua kuliko sisi. Chuma yakiwa yamekomaa lakini magumu, usingoje yaive mtini. Matawi ya chini yavalishe mifuko ya karatasi au wavu, na mifuko hiyo itawazuia na nzi wa matunda. Yaliyodondoka na yenye funza yaokote kila asubuhi uyafunge kwenye plastiki juani siku kadhaa. Ukiyaacha chini unafuga nzi wa msimu ujao. Majimoto wakijenga mtini usiwachome moto haraka, wanafukuza wadudu wengi, ingawa siku ya kuchuma utawakumbuka.

Mbegu zake zina hatari kwa watoto?

Ndiyo. Mbegu ni nyeusi, inang'aa, na ncha yake ina kindoano. Ikimezwa inaweza kunasa kooni. Mtoto mdogo mpasulie, toa mbegu zote, ndipo umpe kwa kijiko. Mzee asiyeona vizuri vivyo hivyo. Hii nayo ni sababu ya kuchagua aina yenye mbegu chache.

Mgonjwa wa kisukari ale?

Chiku lina sukari nyingi. Gramu 100 zina takriban gramu 20 za wanga, sehemu kubwa ikiwa sukari, na gramu 5 hivi kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Aulize daktari wake kiasi kinachomfaa, na asile kwa kudhani kwamba tunda la nyumbani halihesabiki.

Nina mchiku mzee wa mbegu, matunda yake mabaya. Niukate?

Usiukate. Mti wenye mizizi ya miaka kumi ni mali, kilichokosekana ni kichwa. Chagua matawi matatu au manne yaliyokaa pande tofauti, yakate yabaki visiki vya urefu wa mkono, uache tawi moja zima kulisha mti. Visiki vitachipua. Chipukizi zikifika unene wa penseli, zibebeshe vikonyo kutoka kwenye mti-mama uliouchagua, na nyingine zote uziondoe. Tawi lile la kulisha utalikata mwaka unaofuata.

Wa kwangu wa miaka tisa nimeshaufanyia hivyo vuli iliyopita. Vikonyo viwili vimeshika, na kimoja kimefungua majani manne.